Dhahabu ndani ya jiwe: tanuru, akwa rejia, chupa ya sayanaidi au fotoni?

Mfuko wa kilo tatu za mawe kutoka duara (shimo la uchimbaji) moja huenda maabara mbili, na majibu yanarudi tofauti: huku gramu 1.9 kwa tani, kule 4.5. Mwenye mawe anaona ametapeliwa na mmoja wao. Mara nyingi hakuna aliyetapeli. Kila maabara imepima vizuri kile ilichopima, ila kilichopimwa si kitu kimoja. Mmoja alichukua gramu 50 za unga, mwingine kilo nzima. Au mmoja alitafuta dhahabu yote iliyomo, mwingine ile tu ambayo kemikali inaweza kuitoa.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyesimama mbele ya fomu ya maabara na hajui aweke alama wapi: mchimbaji mdogo wa Kanda ya Ziwa au Kakamega, mnunuzi wa marudio (mchanga uliobaki baada ya dhahabu ya kwanza kutolewa), mjiolojia anayetafuta eneo jipya, msimamizi wa kiwanda cha uchenjuaji, yaani cha kutoa dhahabu kwenye mawe. Njia ni nne, pamoja na tawi moja la njia ya kwanza ambalo watu wengi hawaliombi kwa sababu hawajui kwamba lipo.

Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza: unataka kujua dhahabu yote iliyomo, au ile utakayoweza kuitoa? Dhahabu iliyofungiwa ndani ya asenopairaiti (madini ya chuma, aseniki na salfa) ipo, lakini sayanaidi haiigusi. Namba mbili hizi zinaweza kuachana kwa nusu nzima, na mnunuzi anayelipia ya kwanza huku akivuna ya pili anapata hasara kila lori.

Cha pili, nacho ndicho tunakipa uzito kuliko vyote: gramu ngapi za mwamba zinaingia kwenye kipimo chenyewe. Kilo ulizopeleka maabara hazihesabiki hapa. Punje ya dhahabu ya umbo la mviringo yenye kipenyo cha mikroni 100 ina uzito wa takriban mikrogramu 10. Punje ya mikroni 200 ina karibu mikrogramu 81, na ya milimita moja ina miligramu 10. Sasa chukua mbale (mawe yenye dhahabu) ya gramu 1 kwa tani ambayo dhahabu yake yote ni punje za mikroni 200. Gramu 50 za mbale hiyo zinastahili mikrogramu 50 za dhahabu, yaani kiasi kisichofika hata punje moja. Zaidi ya nusu ya vipimo havitakuta punje yoyote na vitasoma sifuri. Vingine vitakuta moja na kusoma 1.6, vichache vitakuta mbili na kusoma 3.2. Hakuna hata kimoja kitakachosoma 1. Ukipima kilo nzima, utakuta wastani wa punje 12 na jibu litayumba kwa takriban asilimia 28, kiasi ambacho mtu anaweza kufanyia kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mashine ipi ni nzuri, uliza dhahabu yako ina punje kubwa kiasi gani. Karai linajibu bila gharama: saga kilo moja, ioshe kwa utulivu, utazame mkia. Ukiona punje kwa macho, kipimo cha gramu 30 au 50 kitakudanganya mara kwa mara, hata kikifanywa na maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025. Njia nyingine ni kupeleka sampuli pacha kumi. Majibu ya kila jozi yakiachana mno na bila mpangilio, dhahabu yako ni ya punje kubwa.

Vigezo vilivyobaki ni vifupi: kiwango cha chini kinachosomeka, aina ya mwamba inayosumbua njia hiyo, na muda, gharama na hatari kwa watu wanaoifanya kazi.

Maandalizi yanafanana karibu kote. Sampuli hukaushwa kwenye nyuzi 105 za Selsiasi, hupitishwa karasha hadi asilimia 70 au zaidi ipite chekeche la milimita 2, kisha hugawanywa kwa kigawanyio cha mifereji au cha kuzunguka. Usichote kwa kijiko kutoka juu ya mfuko, maana dhahabu huzama chini. Baada ya hapo gramu 250 hadi kilo moja husagwa mpaka asilimia 85 ipite mikroni 75. Kosa likitokea hapa, hakuna njia ya mbele itakayolifuta. Kati ya sampuli na sampuli, mashine isafishwe kwa kusaga kwatzi tupu, hasa ikitoka kusaga jiwe lenye dhahabu inayoonekana. Dhahabu ni laini, hupakaa kwenye bakuli la chuma na kuhamia kwa jirani.

1. Kipimo cha tanuru

Maabara hukiita faya asei. Ni njia ya karne nyingi na bado ndiyo mizani ambayo njia nyingine hupimiwa.

*Kiasi na hatua.* Gramu 30 au 50 za unga huchanganywa na flaksi (dawa za kuyeyushia mwamba) mara tatu au nne ya uzito wake: lithaji, yaani oksidi ya risasi; sodiamu kaboneti; boraksi; silika; na unga wa kawaida wa ngano. Unga wa ngano hugeuza sehemu ya lithaji kuwa risasi: gramu 1 hutoa takriban gramu 10 hadi 12 za risasi. Huongezwa miligramu chache za fedha ili dhahabu kidogo iliyomo iwe na mwenza wa kuibeba. Chungu cha udongo hukaa tanuruni kwenye nyuzi 1,000 hadi 1,100 kwa dakika 45 hadi 60. Mawe huyeyuka na kuwa kioo, na matone ya risasi hunyesha ndani yake yakikusanya dhahabu na fedha hadi chini. Hapo humiminwa kwenye kalibu ya chuma, huachwa ipoe, slagi (kile kioo cha mawe) hugongwa kwa nyundo, na kidonge cha risasi hufinyangwa kiwe mchemraba.

Kidonge huwekwa kwenye kikombe cha magnesia kilichokwisha kupata moto, karibu nyuzi 950. Risasi huungana na oksijeni na kunywewa na kikombe, na mwishoni hubaki punje ndogo ya fedha na dhahabu. Asidi ya naitriki huondoa fedha, asidi ya hidrokloriki huongezwa kuyeyusha dhahabu, kisha mashine ya AAS, inayopima mwanga unaonyonywa na dhahabu, husoma kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 242.8. Dhahabu ikizidi gramu 10 kwa tani, maabara nyingi huacha AAS na kuipima punje yenyewe kwa mizani nyeti.

*Kinachoonekana.* Dhahabu yote, hata iliyofungiwa ndani ya kwatzi au salfaidi (madini yenye salfa, kama pairaiti), kwa sababu mwamba mzima umeyeyushwa. Kiwango cha chini ni gramu 0.01 au 0.005 kwa tani kwa AAS, na 0.001 kwa mashine ya plazima ya ICP.

*Kinachoharibika.* Kidonge cha risasi kinatakiwa kiwe gramu 25 hadi 45. Kikiwa kidogo, matone hayakutosha kuifagia slagi. Kikiwa kikubwa, kikombe hakitakimaliza. Chanzo kikuu cha ukorofi ni salfaidi, kwa sababu nazo hufanya kazi ya unga wa ngano: gramu 1 ya pairaiti hutoa takriban gramu 11 za risasi. Sampuli ya gramu 50 yenye asilimia 20 ya pairaiti itazaa gramu 110 za risasi hata bila unga wa ngano. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza shura (potasiamu naitreti), ambayo kila gramu huzuia kama gramu 4 za risasi. Hapa ungehitaji zaidi ya gramu 17, na chungu chenye shura nyingi hufura na kumwagika. Ya pili ni kupunguza sampuli hadi gramu 15: pairaiti itakuwa gramu 3, risasi gramu 33, na huhitaji unga wa ngano wala shura. Tunapendelea ya pili, ila ujue umepunguza uzito wa sampuli, na kigezo cha pili kinarudi kukudai.

Slagi ikitoka na tabaka la kijivu linalong'aa juu ya risasi, hiyo ni salfaidi isiyoungua, na dhahabu imebaki humo. Rudia. Shaba na nikeli nyingi huingia kwenye kidonge na kukichafua. Grafaiti huhitaji kuchomwa kwanza. Mbale zenye teluraidi (madini yenye teluri) hupoteza dhahabu kwenye kikombe. Ubaridi nao ni adui: moto wa kikombe ukishuka, oksidi huganda juu ya risasi na kazi imekwisha, na ukipanda mno fedha huondoka na kuchukua dhahabu kidogo. Chungu kilichobeba sampuli tajiri kisirudiwe kwa sampuli ya utafiti. Mabaki kidogo tu ya jiwe la gramu 40 kwa tani yanatosha kuzua "ugunduzi" kwenye udongo usio na kitu.

Hatari ni moshi wa risasi. Maabara yenye tanuru bila feni ya kuvuta hewa na bila kupima damu za wafanyakazi inauza afya zao pamoja na majibu.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka namba ya kuandikia ripoti ya rasilimali, kupatana bei, au kuhakiki njia nyingine. Hakimfai peke yake mwenye dhahabu ya punje kubwa.

Tawi lake: tanuru pamoja na chekeche

Hapa unga wa kilo moja huchekechwa kwa kitambaa cha nailoni cha mikroni 106 kinachotumika mara moja tu. Kinachobaki juu, ambacho kwa kawaida ni gramu 30 hadi 50, huyeyushwa chote pamoja na kitambaa chenyewe. Kilichopita hupimwa mara mbili kwa gramu 50, kisha hesabu huunganishwa.

Mfano: juu ya chekeche gramu 38 zenye miligramu 2.66 za dhahabu. Chini gramu 962, na wastani wa vipimo viwili ni gramu 1.9 kwa tani, sawa na miligramu 1.83. Jumla ni miligramu 4.49 ndani ya kilo moja, yaani gramu 4.49 kwa tani. Ile tofauti ya 1.9 na 4.5 tuliyoanza nayo imetoka hapa. Anayepima kwa tanuru la kawaida anaikosa sehemu ya juu siku nyingi, na siku anapoipata anasoma namba isiyoaminika kwa ukubwa wake.

Faida nyingine ni kwamba majibu yanakuja yamegawanywa. Ukijua zaidi ya nusu ya dhahabu yako iko juu ya mikroni 106, umejua pia kwamba mlalo (mfereji wa kuoshea dhahabu), meza ya kutikisa au mashine nyingine ya kutumia uzito itaikamata kabla ya sayanaidi, na hoja ya kutumia zebaki inadhoofika. Ubaya ni kazi na bei, kwa kuwa kila sampuli huchukua vyungu vitatu badala ya kimoja. Usiiombe kwa kila mfuko. Iombe kwa sampuli zilizosoma juu na kwa sehemu ya zile ulizozishuku.

2. Akwa rejia

*Kiasi na hatua.* Mchanganyiko wa asidi hidrokloriki sehemu tatu na naitriki sehemu moja, wa nguvu kamili, hutengenezwa wakati wa kutumika na hautunzwi kwenye chupa iliyofungwa, maana gesi yake ya klorini itaipasua. Sampuli huwa gramu 0.5 kwa vifurushi vya madini mengi kwa pamoja, na gramu 10 hadi 50 kwa kipimo cha dhahabu chenyewe. Udongo wenye mizizi, grafaiti au salfaidi huchomwa kwanza kwenye nyuzi 600 hadi 650, moto ukipandishwa polepole. Kisha huchemshwa kwenye nyuzi 90 hadi 95 kwa saa moja au mbili, na dhahabu husomwa kwa ICP, au huvutwa kwanza kwenye kiyeyusho cha mafuta ndipo isomwe kwa AAS.

*Kinachoonekana.* Dhahabu ambayo asidi inaifikia. Salfaidi nyingi huyeyuka na kuiachia, lakini kwatzi haiyeyuki, kwa hiyo dhahabu iliyofungwa ndani yake inabaki. Nguvu ya njia hii ni unyeti: kwa gramu 25 na mashine ya ICP ya kupima uzito wa atomi, hufika sehemu 1 kwa bilioni. Tena maji yaleyale husomwa kwa aseniki, antimoni, bismathi na shaba, madini yanayoelekeza njia kwenye dhahabu.

*Kinachoharibika.* Grafaiti ambayo haikuchomwa hunyonya dhahabu kutoka kwenye asidi, na jibu hutoka dogo bila dalili yoyote ya kosa. Asidi ikikauka au hidrokloriki ikipungua, dhahabu hujibandika kwenye kuta za chombo. Lakini kosa linaloumiza zaidi hutokea kwa msomaji: kuchukua safu ya dhahabu kwenye kifurushi cha gramu 0.5 na kuiamini. Gramu nusu ya udongo haiwezi kuwakilisha dhahabu. Safu hiyo ni ya kuonyesha mwelekeo tu.

*Inamfaa nani.* Mjiolojia mwenye mamia ya sampuli za udongo au mchanga wa mito, anayetafuta mahali pa kuchimba mtaro. Huyu hahitaji dhahabu yote. Anahitaji kuona sehemu 40 kwa bilioni zikisimama kando ya majirani wa sehemu 3. Kwa jiwe la kwatzi kutoka kwenye mshipa, akwa rejia si chaguo letu.

3. Chupa ya sayanaidi ya kuzungushwa

*Kiasi na hatua.* Kilo moja ya unga (gramu 500 hadi kilo 2 au zaidi inawezekana) huwekwa kwenye chupa na lita moja hadi moja na nusu ya maji. Chokaa hutangulia, pH ipimwe na ifike 10.5 au 11, ndipo sayanaidi ya sodiamu iingie, kwa kawaida gramu 0.5 hadi 1 kwa lita. Mpangilio huo haugeuzwi. Karibu na pH 9.2 nusu ya sayanaidi huwa tayari ni gesi ya hidrojeni sayanaidi, na gesi hiyo inaua. Chupa huzungushwa kwenye magurudumu kwa saa 24 hadi 48, na maji huchotwa kidogo saa ya 2, 4, 8, 24 na 48. Kila mara hupimwa dhahabu, pH na sayanaidi iliyobaki. Mwisho, mchanga huoshwa, hukaushwa na kupelekwa tanuruni.

Hesabu ni nyepesi: kwa kilo moja ya mchanga na lita moja ya maji, miligramu 1 kwa lita ndani ya maji ni gramu 1 kwa tani. Kwa lita moja na nusu, zidisha kwa 1.5. Usisahau kuongeza dhahabu iliyoondoka na yale maji uliyochota njiani.

*Kinachoonekana.* Dhahabu inayotoka kwa sayanaidi kwenye usagaji huo. Ukijumlisha na iliyobaki kwenye mchanga, unapata dhahabu yote na asilimia ya mavuno kwa pamoja. Tuseme tanuru limesoma marudio gramu 3.2 kwa tani, chupa imetoa 1.9 na mchanga umebaki na 1.3. Mavuno ni asilimia 59. Bei ya marudio hayo ijengwe juu ya 1.9, na hata hiyo ipunguzwe, kwa sababu vati (tangi la kuloweka mchanga kwa sayanaidi) la mchanga mzito halitafanya kazi kama chupa yenye unga laini unaozungushwa na hewa ya kutosha. Ukitaka picha ya vati lako, usisage upya: zungusha marudio kwa ukubwa uleule yatakaoingia nao.

*Kinachoharibika.* Shaba inayoyeyuka hula sayanaidi. Ikiwa saa ya 8 sayanaidi imekwisha na wewe hukupima, utaandika kwamba dhahabu haitoki wakati kilichokosekana ni dawa. Oksijeni ni sehemu ya mmenyuko, kwa hiyo chupa isijazwe hadi shingoni wala isizibwe kabisa. Mkunjo wa majibu, yaani mstari wa dhahabu iliyotoka saa kwa saa, ndio wa kusoma kwa makini. Ukipanda hadi saa ya 8 na kushuka saa ya 24, kaboni ya asili ndani ya mwamba inanyonya dhahabu iliyokwisha kuyeyuka. Ukiwa bado unapanda saa ya 48, una punje kubwa ambazo hazijaisha. Ukilala chini tangu mwanzo huku sayanaidi na oksijeni vikiwa vya kutosha, dhahabu imefungwa. Zipo pia dawa za kuharakisha, kama LeachWELL, zinazofupisha muda na kufaa kwa kupima kiasi tu. Lakini ukizitumia, usidai kwamba umeiga kiwanda chako.

Kuhusu hatari hatutaki kuzunguka maneno. Usizungushe chupa hizi chumba kimoja na asidi za akwa rejia. Usimwage mabaki mtoni. Yavunjwe kwanza kwa kemikali. Asifanye mtu mmoja peke yake. Kwa Tanzania, kemikali hizi husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kibali kitafutwe kabla ya kununua.

*Inamfaa nani.* Mnunuzi wa marudio, mwenye vati, mhandisi wa uchenjuaji. Pia mwenye dhahabu ya punje kubwa kiasi, kwa sababu ya ile kilo nzima, mradi saa ziongezwe na mchanga upimwe tanuruni.

4. Fotoni

*Kiasi na hatua.* Teknolojia hii ilizaliwa CSIRO, shirika la utafiti wa kisayansi la Australia, na inauzwa kwa jina la PhotonAssay. Mbale iliyopita karasha tu, ya milimita 2 au 3, hujazwa kwenye kopo la karibu gramu 500. Eksirei za nishati kubwa hupiga kopo, viini vya dhahabu huchangamka kwa muda mfupi sana, nusu yake hutulia ndani ya sekunde kama 7.7, na vikitulia hutoa mionzi ya gama yenye nishati ya 279 keV. Kifaa huhesabu mionzi hiyo. Jibu hupatikana ndani ya dakika chache, bila risasi, bila asidi, na kopo hurudi zima likiweza kupimwa tena.

*Kinachoonekana.* Dhahabu yote, popote ilipojificha ndani ya punje. Kiwango cha chini ni karibu gramu 0.02 au 0.03 kwa tani.

*Kinachoharibika.* Kidogo, na ndiyo maana migodi mikubwa inaihamia. Urani, thori na bariamu huongeza kelele na kupandisha kiwango cha chini. Unyevu na kopo lisilojaa sawasawa huyumbisha jibu. Kwa sababu sampuli haisagwi kuwa unga, mgawanyo baada ya karasha ndio unaobeba mzigo wote: ukigawanya vibaya, gramu 500 zako ni gramu 500 za bahati. Kizuizi cha kweli kwetu ni mahali. Mashine ni ghali na inahitaji chumba cha kuzuia mionzi, hivyo hukaa kwenye maabara za migodi na vituo vichache, na kufika kwake kunategemea uko karibu na nani.

*Inamfaa nani.* Mgodi wenye mamia ya sampuli kwa siku unaotaka kujua leo lori liende kiwandani au kwenye kifusi. Na yeyote mwenye punje kubwa anayeweza kujaza makopo mawili au matatu kwa kila sampuli. Haimfai mtafiti wa udongo anayetafuta sehemu 5 kwa bilioni.

Kwa jicho moja

| | Tanuru | Akwa rejia | Chupa | Fotoni |
|---|---|---|---|---|
| Uzito unaopimwa | g 30–50. Kilo 1 kwa chekeche | g 0.5–50 | g 500 hadi kilo 2 | karibu g 500 |
| Hupima nini | Yote | Inayofikiwa na asidi | Inayotoka. Yote ukipima mchanga | Yote |
| Kiwango cha chini, g/t | 0.001–0.01 | 0.001 | chini ya 0.001 kwa ICP | 0.02–0.03 |
| Kinachoisumbua | Salfaidi, shaba, teluraidi | Kwatzi, grafaiti | Shaba, kaboni, salfaidi zilizofunga dhahabu | Urani, thori, bariamu |
| Muda wa kipimo chenyewe | Siku ya kazi | Saa kadhaa | Siku 1–2 | Dakika |

Utaulizwa pia kuhusu bunduki ya eksirei ya mkononi. Kwa dhahabu, iache. Mstari wake wa dhahabu unabanwa na mistari ya zinki, tangisteni na aseniki, na namba inayoonyesha kwenye jiwe la gramu 2 kwa tani haina maana. Itumie kusoma aseniki kando ya mshipa, kazi inayoiweza vizuri.

Uchague nini, kulingana na ulipo

Una duara jipya na mshipa wa kwatzi wenye dhahabu inayoonekana kwenye karai: anza na tanuru la chekeche kwa sampuli tano hadi kumi, au fotoni kama ipo karibu. Tanuru la kawaida litakupa siku za furaha na siku za kilio ambazo hazihusiani na mwamba wako.

Dhahabu haionekani kwenye karai lakini mwamba una pairaiti na asenopairaiti: tanuru la gramu 15 hadi 30, na kwa sampuli chache zilizosoma vizuri ongeza chupa ya saa 48. Fanya hivi kabla ya kumwaga saruji ya vati. Chupa ikirudisha asilimia 35, umeokoa fedha za ujenzi, na unachotafuta sasa ni mnunuzi mwenye kiwanda cha kutibu salfaidi.

Unanunua marudio: chupa kwanza, kwa ukubwa wa mchanga kama ulivyo, na tanuru kwa mchanga uliobaki. Sampuli itoke sehemu nyingi za lundo na kina chake chote, maana juu huoshwa na mvua na chini hulala mzito. Muuzaji akileta cheti cha tanuru peke yake, cheti ni halali, ila kinajibu swali ambalo si lako.

Unatembea na mifuko mia tatu ya udongo: akwa rejia ya gramu 25 kwa ICP, pamoja na aseniki na wenzake. Mahali patakapong'aa, chimba mtaro na uhamie tanuruni.

Unaandaa ripoti kwa viwango vya JORC (Australia) au NI 43-101 (Canada), vya kutangaza rasilimali za madini: tanuru au fotoni kwenye maabara yenye ithibati. Katika kila mifuko 20 ingiza sampuli rejea yenye cheti, sampuli tupu ya kwatzi na sampuli pacha, na upeleke sehemu ya unga kwenye maabara ya pili. Sampuli rejea ikitoka nje ya mikengeuko sanifu mitatu kutoka thamani ya cheti chake, kundi zima lirudiwe.

Na kama fedha zinatosha kipimo kimoja tu, usitume jiwe lile zuri ulilolichagua kwa macho. Ponda kilo 20 za mshipa mzima kwa upana wake, gawanya kwa kigawanyio hadi kilo 2, na umwambie mpokeaji wa maabara kabla hajaandika risiti: "Ina punje. Naomba kilo nzima ipite kwenye chekeche."